Kumfundisha Paka Mroho Adabu ya Kula

Paka anayeparamia meza akisikia kopo likifunguliwa, anayedoea kando ya sahani yako mpaka umtupie kipande, anayekulilia mlangoni saa kumi alfajiri, hajakosa akili. Amesoma, na amefaulu. Tatizo ni kwamba mwalimu wake hakujua kuwa anafundisha. Kwa paka, chakula hulipa kile alichokuwa akikifanya sekunde mbili tatu kabla hakijamfikia. Ukimimina anapolia, umelipa kilio. Ukiweka bakuli chini huku anakuzongazonga miguuni, umelipa kuzongwa. Kazi yote iliyo hapa chini ni hiyo moja tu: kuhakikisha kwamba katika sekunde hizo paka anafanya jambo unalolitaka, kisha chakula kinafuata.

Ule msemo wa samaki mkunje angali mbichi haumbani paka. Wa miaka 10 hujifunza haya kama wa miezi mitano, ila aliyezoea kulipwa kwa vurugu kwa miaka mingi huchelewa kuamini kwamba malipo yamebadilika.

Kwanza: ni njaa, ni ugonjwa, au ni mazoea?

Njaa ya kweli haifundishiki. Ikiwa uroho umeanza ghafla kwa paka aliyekuwa akila kwa kiasi, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mazoezi yoyote. Dalili ya kuogopwa zaidi ni kula sana huku anakonda. Kwa paka aliyevuka miaka minane, mara nyingi ni tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi. Kwa paka mnene anayekunywa maji mengi na kukojoa sana, fikiria kisukari. Kwa mtoto wa paka mwenye tumbo lililotuna, fikiria minyoo. Magonjwa ya utumbo yanayozuia chakula kufyonzwa huleta njaa ileile, na dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, humfanya paka ale kana kwamba hajaona chakula wiki nzima. Kuhasiwa nako huongeza hamu ya kula wakati uleule mahitaji ya mwili yanapopungua. Huo si ugonjwa, lakini mgao wa zamani hauwezi kubaki kama ulivyokuwa.

Kisha papasa mbavu. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu za paka mwenye uzito mzuri huhisika kama mgongo wa kiganja kilichonyooshwa: mifupa ipo, imefunikwa kidogo tu. Zikihisika kama vifundo vya vidole ulivyokunja ngumi, amekonda, na malalamiko yake ni ya haki. Ukilazimika kubonyeza ili uzipate, amenenepa.

Paka mzima wa kilo 4 aliyehasiwa na anayeishi ndani huhitaji takriban kilokalori 200 hadi 240 kwa siku. Chakula kikavu kwa kawaida kina kilokalori 350 hadi 400 kwa kila gramu 100, kwa hiyo mgao wake wa siku ni kama gramu 55 hadi 65. Chakula cha kopo, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, kina kama 80 hadi 100 kwa gramu 100, hivyo atakula gramu 220 hadi 265. Soma nguvu halisi kwenye pakiti yako, upime kwa mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya: mkono uleule, kikombe kilekile, leo gramu 50 na kesho 65, na hizo 15 za ziada ni robo ya chakula cha siku.

Paka mnene asipunguziwe kwa pupa. Kushuka asilimia 1 ya uzito kwa wiki kunatosha, yaani gramu 60 kwa paka wa kilo 6. Paka aliyekaa siku moja au mbili bila kula, hasa akiwa mnene, anaweza kurundika mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo huua. Kwa hiyo kumnyima mlo ili “ashike adabu” hakumo kabisa katika mafunzo haya.

Mgao na saa

Panya mdogo mmoja humpa paka kilokalori kama 30. Paka anayejitegemea kwa kuwinda hula viumbe wadogo wengi kwa siku, kimoja kimoja, mchana na usiku. Tumbo lake limeumbwa kwa milo midogo ya mara nyingi. Ukimpa asubuhi na jioni tu, unampa saa kumi na mbili za kungoja, na ndani ya saa hizo ndimo udokozi unapozaliwa. Gawa mgao ule ule katika milo minne. Kwa gramu 60 za chakula kikavu: milo minne ya gramu 13, na gramu 8 zinabaki kwenye kikopo cha mazoezi. Kila anachokula wakati wa mafunzo kitoke kwenye hesabu hii. Ukitaka kitu kitamu zaidi, vipande ishirini vya kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, kila kimoja ukubwa wa punje ya njegere, vina uzito wa kama gramu 10 na kilokalori 16 au 17. Punguza gramu 4 au 5 za kikavu siku hiyo, basi.

Saa za kula ziwe za kudumu, ila ishara ya chakula iwe moja na uichague wewe. Bila hivyo paka huchagua mwenyewe, naye huchagua ishara ya mapema kuliko zote: mlio wa mlango wa friji, mchakacho wa mfuko, hata wewe kugeuka kitandani. Chagua neno au mlio ambao hautumiki kwa jambo lingine, uutoe sekunde chache kabla ya kila mlo. Baada ya wiki mbili, fungua friji mara kadhaa kwa siku bila kumpa kitu. Mlio wa friji utapoteza maana, na msafara wa kukufuata jikoni utapungua.

Mkeka: mahali pa kungojea

Hili ndilo somo kuu. Kumwambia paka “usilie, usipande, usizonge” ni bure, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia afanye nini. Mpe kazi: kuketi juu ya mkeka mdogo. Paka aliyeketi juu ya mkeka hawezi wakati huohuo kuwa juu ya meza.

Tafuta mkeka au kipande cha zulia cha kama sentimita 40 kwa 40, kisichoteleza, ukiweke mita moja na nusu hivi kutoka unapoandalia chakula chake. Siku ya kwanza usifundishe mkeka. Fundisha kidoko, ule mlio wa ulimi ukigonga kaakaa. Piga kidoko kimoja, weka punje moja mbele yake ndani ya sekunde moja. Rudia mara kumi, pumzika, rudia jioni. Akisikia kidoko akageuka kukutazama upesi, ameshaelewa kwamba mlio huo ni ahadi. Faida yake ni kwamba kidoko hufika kwa wakati: mkono wako hauwezi kumfikisha punje kwenye nukta ileile aliyoketi, ulimi unaweza. Ahadi hiyo usiivunje hata ukikosea. Umepiga kidoko, lipa.

Siku ya pili, muda wa dakika mbili au tatu tu, saa moja hivi baada ya mlo mdogo. Wengi hufundisha paka akiwa na njaa kali wakidhani atajitahidi zaidi. Kinyume chake ndicho hutokea: paka mwenye njaa kali hafikiri, anarukia. Weka punje katikati ya mkeka. Akikanyaga mkeka, kidoko, na punje nyingine mkekani. Akitoka, kaa kimya. Usimwite, usimsukume. Akirudi hata kwa mguu mmoja, kidoko na punje. Mara nyingi ndani ya vipindi vitatu au vinne utamwona anaenda mkekani mwenyewe na kukukodolea macho.

Sasa kuketi. Shika kipande cha kuku puani pake, kisha kipandishe polepole kuelekea nyuma, kipite katikati ya masikio. Kichwa kikiinuka, matako hushuka. Yanapogusa mkeka, kidoko, na kipande ukiweke chini kati ya miguu yake ya mbele. Usimpe hewani. Ukikiinua juu mno atasimama kwa miguu ya nyuma na kukudaka kwa makucha, na kosa litakuwa la mkono wako. Baada ya mara tano sita, fanya mwendo uleule mkono ukiwa mtupu, kipande kikitoka mkono wa pili. Akiketi kwa mkono mtupu, ongeza neno: “keti”, mara moja, kabla ya ishara. Kulirudia “keti keti keti” kunamfundisha kwamba neno lenyewe lina mikia mitatu.

Muda wa kungoja ongeza kwa kubahatisha, si kwa ngazi iliyonyooka: sekunde moja, tatu, mbili, tano, mbili, nane, tatu. Ukiongeza tu bila kushuka, paka hugundua kwamba kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita, akaondoka zake. Akifaulu mara nane kati ya kumi, songa mbele. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi nyuma hatua moja.

Bakuli linaposhuka

Hapa ndipo kila kitu huharibika, kwa hiyo twende polepole. Paka ameketi mkekani. Una bakuli mkononi, usawa wa kiuno. Lishushe shubiri moja. Akibaki ameketi, kidoko, mrushie punje moja mkekani, endelea. Shusha shubiri nyingine. Mara hii mabega yake yatasogea mbele, uzito utahamia miguu ya mbele, ncha ya mkia itaacha kucheza. Hiyo ndiyo nukta. Kabla matako hayajainuka, simamisha bakuli hewani. Akitulia tena, endelea kushusha. Akiinuka, bakuli linapanda juu hadi kiunoni, bila neno, bila hasira, na unasubiri aketi upya. Yeye ndiye anayeliendesha: akiketi linashuka, akiinuka linapaa. Paka wengi huligundua hilo katika jaribio la nne au la tano, na ukitazama vizuri utaona namna anavyojizuia, sharubu zimeelekea mbele na mwili umebaki nyuma.

Mara za kwanza usimngojeshe bakuli likigusa sakafu. Liguse sakafu, toa neno la ruhusa, “haya”, ondoa mkono. Siku zinazofuata ongeza sekunde moja kati ya kugusa sakafu na “haya”, kisha mbili, kisha tano. Kumi zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo ni maonyesho, hayamsaidii paka wala wewe.

Akiendelea kuinuka kila mara, angalia mambo matatu: bakuli linashuka kwa kasi mno, chakula ni kitamu mno kwa hatua hiyo (jaribu kwa punje tano za kikavu), au mkeka uko karibu mno na anaweza kulifikia bakuli kwa kurefusha mkono tu.

Anayeng’ata vidole

Kwa paka anayenyakua kipande pamoja na ngozi, fumba kipande ndani ya ngumi, uishike usawa wa kidevu chake. Atanusa, atalamba, atapapasa kwa mguu. Usivute ngumi, maana kitu kinachokimbia huwindwa. Ngoja. Akirudisha pua nyuma hata sentimita mbili, kidoko, fungua kiganja kiwe bapa, aokote hapo. Makucha yakitoka kweli, weka kipande sakafuni badala ya kiganjani kwa siku chache, au fundisha kwa kijiko. Watoto wadogo wasilifanye zoezi hili.

Kudoea mezani

Mlishe yeye kwanza, dakika kumi kabla hujaketi kula, na mkeka wake uwe chumba hicho hicho lakini mbali na viti. Ukiwa mezani, kila dakika moja au mbili anapokuwa mkekani, mrushie punje kutoka kikopo cha mazoezi, si kutoka sahani yako. Baada ya wiki, kila dakika tatu, kisha tano, kisha mara moja ukimaliza. Kitoke mezani kwenda mkekani, kamwe kisipokelewe kando ya kiti.

Wanaoshindwa hapa hushindwa kwa jambo moja: kipande cha mara moja moja. Unakataa siku sita, ya saba unachoka unampa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha zamani kwa panya na njiwa, kwamba tendo linalolipwa kwa kubahatisha hudumu kuliko linalolipwa kila mara. Paka anayepata kila siku akikoseshwa siku nne hukata tamaa. Anayepata kwa bahati husubiri mwezi mzima. Tena jiandae: kelele kabla hazijaisha huzidi. Siku ya tatu au ya nne atalia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia, pengine atakugusa paja kwa makucha. Ukimpa hapo, umemfundisha kwamba bei mpya ya kipande ni sauti hiyo. Kama unajua huwezi kuvumilia, mfungie chumba kingine na mlo wake kabla hujaketi, bila kuona haya. Ni bora kuliko kukaza ukalegea.

Juu ya meza ya jikoni

Hakuna mafunzo yanayoshinda kuku aliyeachwa wazi. Mdokozi hulipwa na chakula chenyewe, wewe huna nafasi ya kuingilia. Kwa mwezi mzima, meza iwe tupu na imefutwa, vyombo vyenye mafuta visilale kwenye sinki, ndoo ya taka iwe na mfuniko unaobana. Wakati huohuo mpe mahali pa juu palipo halali, kiti kirefu au rafu ambapo anaona unachofanya, kwa sababu nusu ya safari zake mezani ni udadisi na kupenda kukaa juu. Akipanda huko unapokata nyama, kidoko na punje. Akipanda mezani, mshushe kwa mikono miwili kimya kimya, au mwelekeze kwa “mkekani”, na usimlipe mpaka zipite kama sekunde ishirini akiwa mahali pake. Ukimlipa papo hapo atajifunza wimbo mzima: panda meza, shuka, pokea.

Hapa pana usalama pia. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Mifupa iliyopikwa hupasuka kuwa vijiti vikali. Uzi uliofungia nyama, wenye harufu ya mchuzi, humezwa mzima na unaweza kukunja utumbo mpaka upasuliwe. Ukiona uzi unaning’inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Nenda kwa daktari.

Kumwagia maji, kupiga kelele au kumpiga humfundisha jambo moja: asipande wewe ukiwepo. Usiku atapanda. Na paka anayekuogopa karibu na chakula huanza kufakamia, akimaliza haraka kabla hujatokea, au kukunguruma juu ya bakuli.

Kilio cha alfajiri

Paka huchangamka alfajiri na magharibi, hilo halifutiki. Kinachofutika ni uhusiano wa kuamka kwako na bakuli lake. Mlo wa nne mpe unapokwenda kulala, baada ya dakika kumi za kumchezesha kwa kamba yenye manyoya mpaka ahemeke. Ukiamka asubuhi, usiende kwenye bakuli moja kwa moja. Oga, tandika, kisha saa ya chakula ifike. Kama sasa anakuamsha saa kumi na umekuwa ukiinuka, kifaa cha kulishia chenye saa ndicho msaada mkubwa: kitege saa kumi kasoro robo, kabla hajaanza kulia, kisha kila baada ya siku tatu kisogeze mbele dakika 15 mpaka kifike saa kumi na mbili. Atahamia kukililia kifaa, nacho hakina huruma.

Kufakamia, na paka wawili

Anayefakamia mara nyingi hutapika punje nzima dakika chache baadaye, kisha hudai tena. Tandaza chakula kikavu kwenye sinia pana badala ya bakuli la kina, au weka ndani ya bakuli jiwe safi kubwa lisilomezeka ili azungushe ulimi. Trei ya vikombe vya karatasi gumu, punje chache kila kikombe, hurefusha mlo wa dakika moja hadi kumi. Anza kwa rahisi. Chemshabongo ngumu siku ya kwanza humkasirisha, akarudi kulia.

Paka wawili wasile pua kwa pua hata kama hawagombani. Anayekula haraka akimsukuma mwenzake, mmoja hunenepa na mwingine hujifunza kubwia. Weka mabakuli mahali ambapo hawaonani kabisa, vyumba viwili ikiwezekana, dakika 15, kisha ondoa yote hata kama kimebaki. Pale ambapo mmoja ana chakula cha dawa, bakuli lenye mfuniko unaosoma chipu ya paka, kile kidude kidogo cha utambulisho, hufunguka kwa mwenye nalo tu. Kila mmoja awe na mkeka wake, na afundishwe peke yake mpaka bakuli lifike sakafuni bila kuinuka, ndipo muwaweke pamoja kwa mazoezi.

Bandika karatasi kwenye mlango wa friji yenye saa za milo minne, gramu za kila mlo, neno “keti”, neno “haya”, na nafasi ya kutia alama aliyelisha. Mtu mmoja nyumbani anayempa pembeni kwa huruma hurudisha kazi ya wiki tatu nyuma kwa jioni moja. Huyo mpe kikopo cha mazoezi na mkeka, awe yeye ndiye anayemlipa.